Mbwa Anayebweka Akiachwa Peke Yake Uani: Namna ya Kumtuliza Bila Kumpoteza Mlinzi

Mtu anayefuga mbwa Dodoma huwa na haja mbili zinazovutana. Anataka mbwa abweke, kwa kuwa ndiyo sababu iliyomfanya amlete nyumbani, hasa kama amejenga kwenye viwanja vipya vya Iyumbu, Nala au Ihumwa, ambako kati ya nyumba na nyumba bado kuna vichaka na usiku ni giza totoro. Wakati huo huo hataki abweke tangu saa moja asubuhi, watu wanapoondoka kwenda kazini, hadi saa kumi na mbili jioni wanaporudi, wala hataki kelele za usiku kucha zinazowanyima usingizi watoto wa jirani. Mwongozo huu unahusu haja ya pili, lakini haufuti ile ya kwanza. Mbwa anayebweka bila kukoma hamlindi mtu, kwa sababu siku mwizi atakaporuka ukuta hakuna atakayeinua kichwa kusikiliza sauti ile ile aliyokwisha kuizoea. Kinachotafutwa basi si ukimya, bali ni mbwa ambaye akibweka, wenye nyumba na majirani wanajua kuna jambo.

Kujua anachobwekea

Kwa kuwa tatizo hutokea wewe ukiwa haupo, ushahidi ulio bora utaupata kwa wengine: jirani wa ukuta wa pili, mlinzi wa nyumba ya mbele, mama anayekaanga maandazi karibu na geti lako. Usiwaulize kama mbwa anasumbua, maana watu wa heshima watakujibu kwamba hapana. Waulize anaanza saa ngapi, anabweka akielekea wapi, na ananyamaza kunapotokea nini. Ukiweza, acha simu ya zamani dirishani ikirekodi sauti kwa saa chache za mwanzo baada ya kuondoka. Yote hayo yaandike katika daftari kwa muda wa wiki moja. Maelezo mafupi yanatosha, kwa mfano: «Saa mbili na robo, mbuzi wamepita njiani, amebweka dakika tatu, akanyamaza. Saa nne, hakuna kilichopita, amebweka kwa vipindi hadi saa tano na nusu.» Mistari hiyo miwili inaeleza matatizo mawili tofauti, na atakayeyatibu kwa dawa moja atapoteza muda.

Mbwa anayebwekea kitu hutoa sauti nzito, za haraka, zenye kufuatana, mwili wake ukielekea upande mmoja na masikio yakiwa yamesimama. Kitu kikipita, naye huacha. Mbwa anayebwekea upweke hutoa mlio mmoja mmoja, akapumzika, akatoa mwingine, kwa mwendo ule ule usiobadilika, na mara nyingine humalizia kwa kuvuta sauti kama anayelia. Huyo haelekei njiani. Huelekea mlango wa nyumba, au geti mlilotokea. Yupo pia anayebweka kwa sauti nyembamba na ya juu huku akikutazama machoni, akanyamaza ukimpa ulichoshika. Huyo amejifunza kwamba kubweka kunalipa, na aliyemfundisha ni nyinyi wenyewe. Wa mwisho ni yule asiye na kazi. Ametembea uani mara ishirini, amechimba chini ya mwembe, amelala, ameamka, na sasa hata jani likianguka atalibwekea kwa kuwa ndilo jambo pekee lililotokea asubuhi nzima.

Mwili kwanza

Kabla ya kumfundisha lolote, hakikisha hakuna kinachomuuma wala kumsumbua. Mbwa mwenye uzito wa kilo 20 anahitaji maji yasiyopungua takribani lita moja kwa siku, na katika miezi ya Oktoba na Novemba, wakati joto la mchana Dodoma linapita nyuzi 30 na mvua bado hazijaanza, anahitaji zaidi ya hapo. Bakuli la plastiki halifai, kwani atalipindua saa tatu asubuhi na kubaki na kiu hadi jioni. Tumia chungu cha udongo, ukifukie nusu ardhini chini ya kivuli: hakipinduki, na maji yake hubaki ya baridi.

Mkague masikio, katikati ya vidole na chini ya mkia, kwa kuwa kupe hupenda sehemu hizo, na mbwa anayewashwa hatulii. Kwa jike, tazama kama yuko kwenye joto, jambo linalotokea kwa kawaida karibu mara mbili kwa mwaka. Madume ya mtaa mzima yatakusanyika nje ya uzio, na hakuna mafunzo yatakayoshinda hilo. Kama hukusudii kuzalisha, mwombe daktari wa mifugo amfunge kizazi.

Jambo moja linahitaji uangalifu wa pekee. Mbwa ambaye sauti yake imebadilika ghafla, ikawa ya kukwaruza au nyembamba isivyo kawaida, na pamoja na hilo anatokwa mate mengi, anashindwa kumeza, anauma mawe na vyuma, au amekuwa mpole kupita kiasi ilhali hakuwa hivyo, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usimguse wala usijaribu kumfungua kinywa ukidhani amekwamwa na mfupa. Waondoe watoto, mfungie mahali pasipo na watu na umwite afisa mifugo wa kata. Aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate kwenye kidonda, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo, kwa sababu dalili zikishajitokeza kwa binadamu ugonjwa huo huua karibu kila mara. Chanjo ya mbwa hutolewa anapofikisha miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Kama wako hajachanjwa, weka mwongozo huu kando kwanza, ukamchanje.

Mahali anapokaa

Nusu ya mbwa wanaosumbua mitaani wangepunguza kelele kama mabanda yao yangehamishwa hatua chache. Hayo ni maoni yangu tu, wala sikuyapima, lakini tazama mabanda mengi yalivyo: yamejengwa kwa bati tupu, nyuma kabisa ya kiwanja, karibu na choo cha nje au shimo la taka, yakitazama ukuta. Anayekaa humo hawaoni watu wake, haoni anayeingia getini, lakini anasikia kila kitu, na masikio yake hupokea sauti nyembamba hadi kiasi cha hezi 45,000 ilhali yetu yanakomea kwenye 20,000 hivi. Anasikia mengi asiyoweza kuyaona, na asiloliona hulibwekea.

Lisogeze banda karibu na nyumba, upande wa jikoni au wa baraza, mahali ambapo mbwa akiinua kichwa anaona mlango. Wengi wetu hatumwingizi mbwa ndani, wengine kwa desturi na wengine kwa sababu ya dini, na mwongozo huu haumtaki mtu abadili hilo. Ila kuwa nje si lazima kuwe sawa na kutupwa mbali. Paa la bati lizibwe kwa juu kwa nyasi au makuti, na chini ya bati paachwe nafasi ya hewa kupita. Upepo wa kiangazi hapa kwetu huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, na jua la alasiri hupiga kutoka magharibi, hivyo mlango wa banda ukielekea kaskazini utaepuka yote mawili. Sakafu iinuliwe kwa mbao au matofali, kwa sababu mwezi wa Juni na Julai joto la usiku hushuka hadi karibu nyuzi 13, na mbwa aliyelala kwenye saruji tupu huamka saa nane ya usiku na kuanza kulia.

Halafu tembea uani siku yenye upepo. Dodoma ina upepo, na upepo una vyombo vyake: kipande cha bati kilicholegea juu ya stoo, mfuko uliokwama kwenye waya wa uzio, mlango wa choo usio na komeo, ndoo tupu inayobingirika. Binadamu aliyezoea hasikii tena. Mbwa aliye peke yake husikia pigo, hubweka. Bati hutulia, naye huona kwamba kubweka kumelinyamazisha. Bati hupiga tena. Misumari michache ya bati na kipande cha waya vinaweza kukuondolea kelele za miezi minne, tangu Juni hadi Septemba, na gharama yake haifikii hata nauli ya kumpeleka mbwa kwa daktari.

Geti nalo litazamwe. Geti la nondo linampa mbwa nafasi ya kuona miguu ya kila mpita njia, na kila anayepita huondoka, kwa sababu alikuwa anapita tu. Mbwa yeye huamini amemfukuza. Mfano wa ushindi huo ukirudiwa mara sitini kwa siku humfanya kuwa mbwekaji wa kudumu. Ziba sehemu ya chini ya geti kwa bati au turubai hadi kimo cha kichwa chake. Hataacha kusikia hatua za watu, lakini ataacha kuwakimbilia. Kama uzio wako ni wa minyaa, usimfunge karibu nao, kwani utomvu wake mweupe huunguza macho, na mbwa anayefukuza watoto kando ya uzio huo atavunja matawi kwa pua yake.

Kazi ya kutwa

Ipo desturi iliyoenea ya kumfungia mbwa bandani kutwa nzima ili awe mkali usiku. Desturi hii inazaa mbwa mwenye hasira na hofu, ambaye hajui kumtofautisha mgeni na fundi bomba wala paka na mwizi. Mlinzi mzuri ni yule anayeijua nyumba yake, anayezijua sauti za kawaida za mtaa wake, na ambaye ameshiba usingizi mchana. Mnyororo wa kutwa ni mbaya zaidi. Kama hakuna uzio na ni lazima umfunge, tandaza waya mrefu kati ya nguzo mbili, kamba yake iteleze juu ya waya huo, na muda wa kufungwa uwe mfupi iwezekanavyo.

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, mtembeze kwa dakika ishirini au thelathini. Usimkimbize, mwache anuse. Mbwa aliyenusa vichaka vyote vya mtaa huwa amechoka kuliko aliyekimbizwa kilomita mbili, na aliyechoka kwa namna hiyo atalala saa za mwanzo za upweke, ambazo ndizo ngumu kuliko zote.

Chakula chake kigawe sehemu mbili. Watu wengi humlisha mara moja usiku, ugali wa dona na mabaki ya mchuzi, na bakuli huwa limekwisha kwa dakika moja. Sehemu ya asubuhi mpe unapoondoka, na umfanye aitafute. Ukande ugali uwe mgumu, uuchanganye na dagaa wasio na chumvi, ukaufinyange vitonge vidogo na kuvitawanya uani: kimoja chini ya karai lililogeuzwa, kingine nyuma ya tofali, vingine katikati ya majani makavu. Kazi hiyo inaweza kumchukua nusu saa. Mwenye friji anaweza kugandisha supu ya mifupa isiyo na chumvi wala vitunguu katika kopo, akaitoa asubuhi na kuiweka kivulini. Katika joto la Oktoba mbwa atailamba kwa muda mrefu. Buchani omba mfupa mbichi mkubwa wa ng'ombe wenye kiungo, si mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Kipande cha tairi usimpe atafune, kwa kuwa ndani yake mna nyaya.

Kuhusu zabibu ni lazima kusema waziwazi, kwa sababu tunaishi katika mkoa wa zabibu. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuharibu figo za mbwa na kumuua, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Anayekaa Hombolo au Mpunguzi, au aliye na mizabibu michache uani, azungushie wavu, na watoto wakatazwe kumrushia mbwa punje kwa mchezo. Vitunguu na chokoleti navyo ni sumu kwake.

Kumfundisha kubaki peke yake

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo watu hukata tamaa mapema. Mbwa anayebwekea upweke hajui kwamba mtarudi. Kila mlango unapofungwa, kwake ni jambo jipya lisilo na mwisho. Dawa yake ni kumpa kuondoka kwingi, kufupi na kusiko na uzito, mpaka kuondoka kuwe jambo la kawaida lisilostahili hata kuinua kichwa.

Anza siku ya mapumziko, mbwa akiwa amekwisha kutembea na kujisaidia. Tandika gunia kuukuu barazani au mbele ya banda, liwe lake, na kila anapolikalia mpe kipande kidogo cha ini lililochemshwa, kisichozidi ukubwa wa punje ya hindi. Akishalipenda, mwambie «lala», akilala ingia ndani, ufunge mlango na uhesabu hadi tano. Toka kabla hajabweka. Dondosha kipande kingine juu ya gunia, bila kumsifia kwa kelele na bila kumkumbatia, kisha ingia tena. Safari hii hesabu hadi kumi, inayofuata hadi saba, nyingine hadi ishirini, nyingine hadi tano. Usiongeze muda kwa mstari ulionyooka, maana mbwa ni mwepesi wa kugundua kwamba kila mara mambo yanazidi kuwa magumu, naye huanza kukata tamaa kabla hujafika mlangoni. Zoezi moja lisizidi dakika kumi. Mara mbili au tatu kwa siku zinatosha.

Akibweka ukiwa ndani, usitoke. Ngoja anyamaze, japo kwa sekunde tatu, ndipo utoke, na mzunguko unaofuata uwe mfupi zaidi. Kubweka kwake kunakueleza kwamba umekwenda haraka mno. Hakukuelezi kwamba mbwa ni mkaidi. Ukimfokea kupitia dirishani, umempa alichokuwa anakitafuta, yaani sauti yako. Vivyo hivyo bibi aliyemo ndani akimrushia kitonge cha ugali «ili anyamaze», hata kama ni mara moja kati ya mara kumi, mbwa hujifunza kudumu hadi ile mara ya kumi, na tabia inayolipwa kwa bahati nasibu ndiyo ngumu kuliko zote kuing'oa. Kwa hiyo zungumza kwanza na watu wote wa nyumbani, pamoja na dada wa kazi na watoto, mkubaliane. Mjue pia kwamba mkiacha kumlipa, kelele zitaongezeka kwa siku chache kabla hazijapungua, na mtakaokubali kushindwa katika siku hizo mtakuwa mmemfundisha kubweka kwa nguvu zaidi ya zamani.

Baada ya mlango, hamia kwenye geti. Watu wa nyumbani wana ishara zao za kuondoka, na mbwa anazijua zote: mlio wa funguo, viatu vya kazini, begi begani, injini ya pikipiki. Zitoe maana. Vaa viatu vya kazini halafu uketi unywe chai. Washa gari, lizime, urudi ndani. Fungua geti, toka, lifunge, lifungue tena na uingie ukiwa huna habari naye. Mbwa akishaacha kusimama kwa ajili ya funguo, ndipo uende hadi dukani, kisha hadi kituo cha daladala, kisha nusu saa. Kwa kawaida mbwa mwenye shida hii huanza kuhangaika ndani ya nusu saa ya kwanza, hivyo akiweza kuipita hiyo kwa utulivu, saa mbili na tatu hazina ugumu kama ule wa mwanzo. Pamoja na hayo, kazi hii huchukua wiki kadhaa, na katika muda huo usimwache peke yake kupita kiasi alichokwisha kukizoea, maana siku moja ya kutwa nzima hubomoa mengi. Mpeleke kwa ndugu, au mwombe kijana wa jirani akae barazani na daftari zake za shule.

Unapoondoka kweli, ondoka bila maagano. Unaporudi, ngoja atulie ndipo umsalimie.

Neno la kumkomesha

Kwa yule anayebwekea kitu halisi, usimzuie kabisa, mfundishe kuacha. Chagua neno moja, «basi» linafaa, na kila mtu nyumbani atumie hilo hilo. Akibweka, nenda alipo, tazama anachokitazama, na umwonyeshe kwamba umeona. Kisha sema «basi» mara moja kwa sauti ya chini na umsogezee dagaa puani. Hawezi kunusa na kubweka kwa wakati mmoja, atanyamaza. Hesabu hadi tatu, mpe. Siku zinazofuata hesabu hadi tano, hadi kumi, na baadaye dagaa atoke mara moja moja tu. Atakachojifunza ni kwamba kazi yake ni kuita, na baada ya wewe kufika, zamu imekuwa yako. Hiki ndicho humtofautisha mlinzi na kengele iliyoharibika.

Usiku kuna sababu za ziada. Pembezoni mwa mji, kuelekea Chamwino, Bahi au Kongwa, fisi wapo, na mbwa anayebweka saa tisa ya usiku akiwa ameinamisha mkia na kurudi nyuma kuelekea mlangoni anakwambia kweli tupu. Huyo asiambiwe «basi». Mtazame kwa tochi ukiwa barazani, na mbuzi zizini wahesabiwe. Kwa kelele nyingine za usiku, kumlaza mbwa kwenye baraza iliyofungwa au ndani ya banda lenye mlango husaidia sana, kwa sababu nafasi anayopaswa kuilinda imepungua. Mbwa wengine huelemewa na kiwanja kikubwa, wakazunguka hadi alfajiri.

Yasiyofaa

Kumpiga, kumrushia mawe na kummwagia maji humnyamazisha ukiwa umesimama pale tu. Ukiondoka, hofu uliyoiacha humfanya abweke zaidi. Kumfunga kinywa kwa kamba ni hatari, kwa sababu mbwa hupoza mwili wake kwa kuhema huku mdomo ukiwa wazi, na mchana wa Dodoma unaweza kumuua akiwa amefungwa hivyo kivulini. Mikanda ya shingoni inayopiga shoti ya umeme, ambayo siku hizi huuzwa mtandaoni, huongeza woga, na mwenye woga huuma. Kumlisha pilipili au bangi «ili awe mkali» ni ukatili usio na faida yoyote. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa.

Kumletea mbwa wa pili mara nyingi si tiba. Anayewakosa binadamu wake hatulizwi na mbwa mwenzake, na baada ya mwezi unaweza kuwa na wawili wanaobweka kwa zamu. Mlete wa pili kama unamtaka kwa sababu nyingine.

Jirani

Usingoje jirani aje. Nenda wewe, mpe pole kwa usumbufu, mweleze kwamba umeanza kulishughulikia na kwamba mwanzoni kelele zinaweza kuzidi kidogo, umwachie namba ya simu. Jirani aliyeambiwa mapema huvumilia wiki tatu. Asiyeambiwa huenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa katika wiki ya kwanza, na wako wachache wabaya zaidi wanaorusha nyama yenye sumu juu ya ukuta. Kwa sababu hiyo hiyo mzoeze mbwa kula kile tu anachopewa au kuwekewa na watu wa nyumbani, na kila asubuhi pitia uani kabla hujamfungulia.

Wanaohitaji msaada zaidi

Wapo mbwa ambao upweke kwao ni hofu kubwa. Huyo huchimba chini ya geti hadi kucha kutoka damu, hutokwa mate kifua kikalowa, hukataa hata nyama akiwa peke yake, hujisaidia ovyo ingawa alikwisha kufundishwa. Mazoezi niliyoyaeleza ni yale yale, ila hayatoshi peke yake, na daktari wa mifugo anaweza kumpa dawa ya kupunguza hofu wakati mafunzo yanaendelea. Mbwa mzee aliyeanza kubweka usiku akiwa amekodolea ukuta apelekwe pia. Huenda macho au masikio yamefifia, au akili imeanza kuchoka.

Kwa mtoto wa mbwa kazi ni nyepesi mno, alimradi ianze mapema. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili hivi ya maisha yake ndipo anapozoea dunia, hivyo katika muda huo asikie bodaboda, punda wa maji, adhana, kengele ya kanisa na watoto wa shule, na kila siku akae peke yake dakika chache akiwa na kitu cha kutafuna. Usimchukue kutoka kwa mama yake kabla ya wiki nane.

Na mnaposafiri mwezi wa Desemba kwenda nyumbani mikoani, mbwa asiachwe na ndoo ya maji na gunia la pumba akimngoja mlinzi wa muda asiyemjua. Huyo atakayebaki naye aje wiki moja kabla, amlishe kwa mkono wake, amtembeze asubuhi mkiwa bado mpo, ajifunze neno «basi» na mahali panapofichwa vitonge. Mbwa naye mwachieni shati mlilolivaa bila kulifua, liwekwe juu ya gunia lake, na namba ya daktari wa mifugo ibandikwe ukutani karibu na swichi ya taa ya nje.